Wimbi la wahitimu wa Kidato cha Nne na nafasi za vyuo: hesabu ya mzazi wa Chumbi

Kila Januari, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, maswali ya wazazi wa Rufiji na Kibiti hutufikia kwa wingi. Mmoja mtoto wake amepata Daraja la Nne na anataka kujua ampeleke chuo gani. Mwingine wake amefaulu vizuri lakini hakupenda alikopangiwa. Wapo wanaouliza kama inajuzu kuchukua mkopo wa Bodi, na wapo wanaouliza kama zaka ya ndugu inaweza kulipa ada. Katika makala hii tumekusanya majibu yetu mahali pamoja, lakini tunaanza na jambo ambalo maswali hayo huliruka, nalo ni idadi. Mtoto wa Chumbi anapoomba nafasi ya chuo haombi peke yake. Anaomba pamoja na watoto wote wa Tanzania walioandikishwa shule mwaka wake, na miaka haifanani. Ipo ambayo mlangoni pana msongamano, na ipo ambayo vyuo vyenyewe huwatafuta wanafunzi kwa tochi.

Watoto walioingia shule mwaka 2016

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za serikali mpaka Kidato cha Nne, na ukaanza kutumika Januari 2016. Mwezi ule madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima. Walioingia hawakuwa wa miaka sita na saba tu. Walikuwemo wa miaka minane, tisa, hata kumi, ambao wazazi wao walikuwa wamewaweka nyumbani kwa kukosa michango. Ndiyo maana tunasema wimbi wala hatusemi ongezeko. Sehemu ya watoto wale ilikuwa malimbikizo ya miaka kadhaa, yaliyoingia mlangoni kwa pamoja.

Wimbi hilo linaonekana wazi ukifuata mitihani ya Darasa la Saba. Mwaka 2021 walisajiliwa watahiniwa kama 1,132,000. Mwaka 2022, walipofika wale wa 2016, idadi iliruka hadi kama 1,384,000. Mwaka 2023 ikawa kama 1,397,000, na hapo ndipo penye kilele. Mwaka 2024 ikashuka hadi kama 1,230,000, na mwaka 2025 ikashuka tena hadi kama 1,172,000. Ndani ya miaka miwili walipungua zaidi ya watoto laki mbili.

Hili linawashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Watanzania tunaongezeka tu. Ni kweli tunaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Pwani ulipata watu 2,024,947 ilhali mwaka 2012 walikuwa kama milioni 1.1, ingawa sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, inakomwagikia Dar es Salaam. Lakini idadi ya watu nchini na idadi ya watoto katika darasa moja ni vitu viwili. Darasa hupanda na kushuka kwa sera, kwa michango, kwa mafuriko, kwa mtihani wa mchujo. Na hata uzazi wenyewe unapungua polepole. Utafiti wa taifa wa afya na uzazi ulionesha wastani wa watoto 5.2 kwa kila mwanamke mwaka 2015/2016, na 4.8 mwaka 2022.

Kwa watu wa Rufiji hesabu hizi si ngeni. Kuanzia mwaka 1998 watafiti wa afya walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba upande wa Ikwiriri na Kibiti, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki na nani kahama. Ni sehemu chache sana za Afrika zilizohesabiwa kwa uangalifu kama huo. Wazee wanawakumbuka vijana wale wenye madaftari, na wengine mpaka leo huuliza kwa utani kama bado wanahesabu.

Inafaa pia kukumbuka kundi hili la 2016 limepitia nini, kwa sababu mtihani wa Novemba 2026 hautapima akili zao peke yake. Walipokuwa Darasa la Kwanza na la Pili, Kibiti na Rufiji zilikuwa katika hofu ya mauaji, watu wakilala mapema na baadhi ya familia zikihama. Walipokuwa Darasa la Tano, shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya korona, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020. Walipokuwa Kidato cha Pili, Aprili 2024, Mto Rufiji ulimwaga maji mashambani na vijijini, na mwezi wa Mei kimbunga Hidaya kikaja juu yake. Barabara ya Kusini ilikatika upande wa Somanga, na familia nyingi zilikuwa kambini au kwa jamaa. Mtoto wa mjini wa mwaka huohuo alipitia korona tu.

Ratiba ya wimbi

Waliomaliza Darasa la Saba 2022 wanafanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba 2026. Vyuo vya kati, yaani vya afya, ualimu, kilimo, biashara na ufundi, vitawapokea katikati ya 2027. Watakaochaguliwa Kidato cha Tano watamaliza Kidato cha Sita Mei 2029, na vyuo vikuu vitawaona mwishoni mwa mwaka huo. Kundi la 2023, ambalo ni kubwa zaidi kidogo, liko nyuma yao kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo linakuja bonde. Waliomaliza Darasa la Saba 2024 na 2025 ni wachache, na watafika vyuo vya kati mwaka 2029 na 2030.

Kisha linakuja wimbi la pili, na hili limetengenezwa na mtaala mpya. Mtaala ulioanza Januari 2024 unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa Darasa la Nne watamaliza Darasa la Saba kwa utaratibu wa zamani. Wote wawili wataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028. Serikali imeshasema hivyo waziwazi. Ratiba ikibaki ilivyo, makundi hayo mawili yatafanya mtihani wa Kidato cha Nne pamoja mwaka 2031, na vyuo vya kati vitayaona 2032.

Kwa hiyo mwenye chuo, au jumuiya inayofikiria kuanzisha chuo, inatazama njia yenye mlima, bonde na mlima mwingine. Atakayejenga mabweni na kuajiri walimu kwa kutazama umati wa 2027 na 2028 atajikuta na vitanda vitupu 2029 na 2030. Asiyekuwa na akiba ya kuvuka miaka hiyo miwili hatakuwepo 2032. Tunalisema hili kwa sababu tunajua msikitini fikra ya kwanza ya mtu mwenye kheri ni kujenga, na kujenga ni jambo jema, lakini jengo linahitaji mishahara kila mwezi.

Kufuli liko wapi

Wengi hudhani kikwazo ni nafasi za chuo kikuu. Takwimu zinasema vingine. Kwa mwaka wa masomo 2023/2024 Tume ya Vyuo Vikuu ilitangaza nafasi 186,289 za shahada ya kwanza. Waliosajiliwa kufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwaka 2023 walikuwa chini ya 107,000, na si wote walioomba chuo. Pengo lililobaki hujazwa na wenye stashahada, na vyuo kadhaa hubaki na viti vitupu. Idadi ya Kidato cha Sita inapanda kwa kasi, ikapita 134,000 mwaka 2025, lakini viti bado ni vingi kuliko wao.

Kufuli liko chini zaidi, kati ya Kidato cha Nne na hatua inayofuata. Mwaka 2024 walisajiliwa kama 557,000 kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, pamoja na watahiniwa wa kujitegemea. Waliopata Daraja la Kwanza hadi la Tatu walikuwa kama 222,000, sawa na asilimia 43 hivi ya watahiniwa wa shule. Serikali ikachagua zaidi ya 214,000 mwaka 2025, karibu 150,000 kwenda Kidato cha Tano na zaidi ya 64,000 kwenda vyuo vyake. Toa hao katika laki tano na nusu, na utaona ni vijana wangapi walibaki kujitafutia njia. Sasa kundi la 2026: katika upimaji wa Kidato cha Pili wa 2024 walifaulu zaidi ya 680,000. Kundi la Kidato cha Nne la 2026 linaanzia hapo.

Na ndani ya kufuli hilo kuna pini moja ngumu kuliko zote, hisabati. Miaka ya karibuni ni kama robo tu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne wanaofaulu somo hilo. Mtoto asiye na hisabati, na aliye dhaifu katika fizikia na kemia, amefungiwa sehemu kubwa ya vyuo vya afya na ufundi hata kama vina nafasi. Kuna jambo jingine ambalo wazazi Waislamu wanapaswa kulijua mapema. Masharti ya kujiunga na astashahada na stashahada yanahesabu ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu ina thawabu yake na faida yake, na hatusemi mtoto aliache somo hilo. Lakini haihesabiwi katika yale manne. Kijana mwenye D tatu na B ya dini huambiwa hana sifa, na wazazi wengi huligundua hilo dirishani.

Yaliyotokea wimbi lililopita

Hii si mara ya kwanza. Mpango wa kupanua sekondari ulioanza 2004, na kampeni ya kila kata kuwa na sekondari iliyofuata, viliongeza shule za sekondari kutoka chini ya 1,300 hadi zaidi ya 4,200 mwaka 2010. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007 kikilenga wanafunzi 40,000. Watu binafsi, makanisa na jumuiya wakafungua vyuo na matawi ya vyuo katika miji mingi, wengine katika majengo ya kupanga. Sisi Waislamu tulipata Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa 2005 katika majengo yaliyokuwa ya mafunzo ya TANESCO. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho sasa ni SUMAIT. Vyote viwili vilianza 1998.

Hesabu ya waliofungua vyuo ilikuwa rahisi: shule zimekuwa nyingi, basi wahitimu watakuwa wengi. Shule zilikuwepo, lakini nyingi hazikuwa na walimu wa sayansi, maabara wala vitabu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya wanafunzi 240,000 walipata sifuri, kiasi cha matokeo yale kufutwa na kupangwa upya. Baadaye Tume ikaimarisha vigezo vya kujiunga na shahada. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya kwa muda wa uhakiki, na watu wakapunguza hamu ya kusomea ualimu. Mwaka 2017 Tume ikazuia vyuo kadhaa kudahili, na mwaka 2020 ikafuta vibali vya baadhi. Wanafunzi waliokuwa ndani walihamishwa huku na kule. Wengine walikuwa wamelipa ada kwa kuuza shamba.

Somo jingine la wimbi lile liko kwenye ajira. Vyuo vingi vilipendelea kozi za ualimu wa sanaa kwa kuwa hazihitaji maabara. Matunda yake yalionekana mwanzoni mwa 2025, serikali ilipofanya usaili wa walimu: waombaji walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Wakati huohuo shule za delta hazina mwalimu wa hisabati. Chuo kinapochagua kozi kwa urahisi wa kuifundisha, deni hulipwa na kijana miaka mitano baadaye.

Nchi nyingine ziko katika tatizo la upande wa pili. Japani ilikuwa na vijana wa miaka 18 zaidi ya milioni mbili mwaka 1992, sasa wako kama milioni moja na laki moja, na zaidi ya nusu ya vyuo vikuu binafsi havijazi nafasi zake. Marekani uzazi ulianza kushuka baada ya 2007, na inakadiriwa wahitimu wao wa sekondari walifika kilele karibu na 2025, halafu watapungua kwa miaka mingi. Huko vyuo vidogo vinafungwa na vingine vinaungana. Tunataja hayo kwa sababu vyuo vya nje vyenye viti vitupu vinakuja kutafuta wanafunzi Afrika Mashariki, na mawakala wao wamekwishafika Dar es Salaam. Kijana mwenye Daraja la Pili akiambiwa kuna "nafasi ya ufadhili" nje ya nchi, aulize kwanza kama cheti hicho kitatambuliwa na Tume hapa nyumbani, na ufadhili huo unalipa nini hasa: ada yote, au punguzo la ada ambayo baba bado hawezi kuilipa.

Chumbi inasimama wapi

Chumbi iko kusini mwa Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa huko alisubiri kivuko cha Ndundu, na mvua ikiwa kubwa alisubiri siku nyingi. Daraja limeileta Ikwiriri karibu, na Kibiti, na Dar es Salaam. Lakini limewaleta pia watu wenye vipeperushi vya vyuo.

Fedha za familia za Chumbi hutoka kwenye ufuta, korosho, mpunga na samaki. Ufuta huuzwa kwa stakabadhi ghalani kuanzia Mei na Juni. Korosho zinafuata kuanzia Oktoba. Ada ya chuo hudaiwa Septemba na Oktoba, wakati fedha ya ufuta imekwisha kulipa madeni na ya korosho bado haijaingia. Hapo ndipo mzazi anapokubali kwa haraka chuo chochote kinachomwambia alipe kidogo kidogo. Tunawashauri wazazi wenye mtoto wa Kidato cha Nne watenge fungu la ada siku mauzo ya ufuta yanapoingia, kabla harusi na ngoma havijapangwa.

Kuna pia suala la dungu. Rufiji familia huhamia bondeni msimu wa mpunga, hulala kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe, nyani na kiboko, na watoto hufuata. Tangu serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu baada ya mafuriko ya 1968, makazi yako upande mmoja na chakula kiko upande mwingine. Mtoto wa Kidato cha Tatu anayekosa wiki sita za Machi na Aprili hazipati tena. Msichana anayebaki peke yake kijijini wazazi wakiwa shambani yuko katika hatari nyingine ambayo kila mzazi anaijua. Kwa maoni yetu, bweni dogo la jirani na sekondari ya kata, lenye matroni na mlinzi, litawafikisha chuoni watoto wengi wa Chumbi kuliko chuo kipya ambacho kitajengwa kwa jina la Chumbi.

Madrasa zetu pia zina nafasi ambayo hatuitumii. Neno chuo kwa wazee wa pwani lilikuwa na maana ya madrasa kabla ya kuwa na maana hii ya leo. Mtoto alikwenda chuoni kwa ustadhi, ndipo shule, neno tulilolichukua kwa Wajerumani, ikaja baadaye. Vyumba vile viko vitupu kati ya Adhuhuri na Alasiri na tena baada ya Isha. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita, anayesubiri chuo kuanzia Mei hadi Oktoba, anaweza kufundisha hisabati na Kiingereza humo kwa posho ndogo. Kazi hiyo inahitaji chaki, taa ya sola na imamu anayeitangaza baada ya swala ya Ijumaa, na kundi la 2026 linahitaji ianze sasa.

Kwa mwenye Daraja la Nne, njia haijafungwa. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kipo Ikwiriri, vyuo vya VETA vinaendelea kujengwa wilayani, na ufundi wa umeme, mabomba, magari na ushonaji hauulizi daraja. Tunaona wazazi wakiona haya kumpeleka mtoto huko baada ya miaka minne ya sekondari, kisha wanalipa zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka kwa cheti kisichojulikana. Kabla ya kulipa senti, mzazi aangalie jina la chuo na la kozi yenyewe katika mwongozo wa udahili wa NACTVET, au wa Tume ya Vyuo Vikuu ikiwa ni shahada. Chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe na ithibati, kwa hiyo vyote viwili viangaliwe.

Maswali ya sharia yanayoulizwa zaidi

Je, kusomea uuguzi au umeme ni ibada kama kusoma dini? Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliiweka tiba na hesabu katika faradhi za kutosheleza, pamoja na kazi za lazima kama kilimo na ufumaji: wakikosekana kabisa wanaozijua, mji mzima unapata dhambi. Aliwalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia fani moja ya fiqhi huku miji yao haina tabibu Mwislamu. Zahanati ya kijiji ikikosa mkunga kutoka miongoni mwa mabinti zetu, maneno yake yanatuhusu.

Je, zaka inaweza kumlipia mwanafunzi ada? Ikiwa mwanafunzi ni fakiri au maskini, anaingia katika makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, Aya ya 60, kwa ufukara wake, naye hupewa zaka mkononi mwake au kwa idhini yake. Imam Nawawi amesema kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, lakini kuchuma kunamkatisha elimu ya sharia, inamhalalikia zaka. Baadhi ya wanachuoni wa zama hizi wameipanua hukumu hiyo kwa kila elimu inayonufaisha umma, na wengine wakabaki pale pale. Baba haruhusiwi kutoa zaka yake kwa mtoto anayemwajibikia kumlisha. Na kwa kauli ya wanachuoni walio wengi zaka haijengi bweni, kwa kuwa lazima imilikiwe na anayestahiki. Bweni lijengwe kwa sadaka na wakfu. Shamba la mikorosho lililowekwa wakfu kwa ajili ya ada, likasimamiwa na watu wenye kuandika hesabu, lina faida kuliko harambee ya kila mwaka.

Je, mkopo wa Bodi ni riba? Kwa miaka mingi deni la Bodi liliongezwa asilimia 6 kila mwaka, ikiitwa tozo ya kulinda thamani, na mwenye kuchelewa alitozwa asilimia 10. Wanachuoni wengi waliiona nyongeza ile kuwa riba, kwa kuwa kila ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba hata ikipewa jina zuri, na vijana wachamungu waliacha chuo kwa sababu hiyo. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo, na kuanzia Julai ya mwaka huo tozo na ile adhabu zikaondolewa. Kizuizi kikubwa kimeondoka. Aliyebaki na shaka juu ya sharti lolote la mkataba aulete mkataba wenyewe kwa mwanachuoni, tusiupime kwa uvumi. Mkopo unabaki kuwa deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka aumalize. Tangu 2023/2024 Bodi inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, zikiwemo za afya, jambo ambalo wazazi wengi wa huku hawajalisikia.

Maombi hayo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Watoto wengi wa delta walizaliwa nyumbani na hawana cheti. Kwa wa Chumbi ofisi ya msajili iko Utete wilayani, na kwa wa wilaya ya Kibiti iko Kibiti. Aende mzazi mwenyewe na kadi ya kliniki au cheti cha Darasa la Saba na kitambulisho chake, aende mtoto akiwa bado Kidato cha Tatu, kwa sababu dirisha la mkopo likifunguliwa foleni ya vyeti hujaa kwa siku moja, na majina yanayotofautiana, Saidi katika cheti kimoja na Said katika kingine, huchukua miezi kusahihishwa.